Nilivyokwenda Kumuuliza Idrisa

Niliporudi mliniuliza habari za safari, nikawajibu nzuri. Mama Warda akauliza mdogo wangu anaendeleaje, nikasema hajambo, maji yamepungua. Mkaniona nimekonda mkanyamaza, na mie nikashukuru kwamba mmenyamaza. Lakini hapa Chamazi tunaishi pamoja tangu nyumba zetu nyingine hazijawekwa hata madirisha. Tumeuguzana, tumezikana, tumeozeshana watoto. Sioni vizuri kuwaacha mnakisia. Idrisa mwenyewe nilimuuliza kama naweza kuwasimulia, akasema, "Waambie tu, dada. Pengine na wao wana mtu." Kwa hiyo nawaandikia, kwa sababu nikisema kwa mdomo nitaishia njiani.

Chamazi hadi Mbezi Beach

Ilianza na simu ya wifi yangu Mwanahawa, mke wa Idrisa. Wanaishi kijijini kwetu Lumbanga, mbele ya Ifakara, kwenye bonde la mpunga. Idrisa ndiye kitinda mimba wetu. Kaka Hamisi alipokuja Dar, na mie nilipomfuata kwa kuolewa, yeye alibaki na wazazi. Akawalimia, akawauguza, akawazika mmoja baada ya mwingine, na shamba likabaki mikononi mwake. Mwaka jana mto ulifurika ukachukua mpunga wote. Mwaka huu ukafurika tena, mpunga ukiwa umeshatoa masuke.

Nilikuwa nakata vitambaa vya sare za shule simu ilipoita. Mtandao ulikuwa mbovu. Nilichosikia ni kwamba Idrisa halali, hali chakula, na majirani wamekuja nyumbani wamechukua vitu vyake. Nikauliza, vitu gani? Simu ikakatika. Nikapiga tena na tena, haikupatikana.

Basi kichwa changu kikajenga hadithi yake. Nikajua majirani wanamdhulumu ndugu yangu, wamemwona ameishiwa nguvu sasa wanabeba hata majembe. Nilifunga kibanda changu cha kushona, nikavuka mji mzima hadi Mbezi Beach kwa kaka Hamisi. Pale Mwenge niliposhuka kubadilisha gari, nilisimama karibu na wachonga vinyago nikijaribu kupanga maneno, maana kaka yangu ni mtu wa kukatiza.

Kaka anasimamia ujenzi wa nyumba za watu. Nilimkuta ndiyo kwanza amerudi, viatu vina vumbi la saruji.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja bila kupiga simu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Idrisa hayuko sawa. Halali, hali."

Alivua viatu taratibu. "Mafuriko yamewapata watu wote bondeni. Mbona wengine wanalala?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka twende wote tukamwone."

"Nikifika nimwambie nini? Nilishamwambia tuuze lile shamba aje mjini, akaninunia. Mwaka mzima hatuongei vizuri. Nenda wewe. Wewe anakusikiliza."

Mkewe aliandaa wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Nilikula kwa heshima, sikusikia ladha. Kaka akanisindikiza hadi getini, akasimama ameshika komeo.

"Mwambie ajikaze," akasema. "Mwanamume hujikaza."

Nikaitikia sawa, nikaondoka. Mnajua ninavyoishi tangu baba watoto alipofariki na wanangu kila mmoja akashika njia yake. Upweke nimeuzoea. Lakini jioni ile, narudi Chamazi na begi la safari bado sijalifungasha, nilijiona kama mtu aliyetumwa peke yake kuzima moto kwa kikombe.

Mbezi hadi Mikumi

Asubuhi nilipanda basi stendi ya Mbezi, ile ya barabara ya Morogoro. Jirani yangu kitini alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, amepakata sufuria mpya zilizofungwa kwa kitenge. Alikuwa anaenda Mang'ula kumwoza mtoto wa dada yake. Hatujafika Kibaha alikuwa ameshanieleza bwana harusi ni nani, mahari imegombaniwa vipi, na shangazi gani hatakiwi kupewa kipaza sauti.

"Na wewe mwenzangu, unaenda wapi?"

"Ifakara."

"Kuvuna, eh? Ndiyo msimu wenu."

"Ndiyo," nikasema. "Kuvuna."

Lilinitoka hivyo hivyo, nikaona limeisha. Kumbe ndiyo limeanza. Yule mama anapenda mchele wa Kilombero kuliko kitu chochote duniani. Akauliza tumepanda mbegu gani, tunavuna kwa mundu au kwa mashine, mwaka huu mpunga umejaa au ni mapepe. Nikajibu yote. Nikavuna shamba zima mdomoni, nikalipura, nikalianika, na huku najua liko chini ya tope. Kila nikijibu nilizidi kuwa mbali naye, ingawa viwiko vyetu vilikuwa vinagusana.

Tulipita Morogoro salama. Mbele kidogo, kabla ya kuingia mbugani Mikumi, basi likaanza kunuka moto. Dereva akaliweka pembeni, tukashushwa. Utingo akasema ni mpira wa maji umepasuka, unaletwa mwingine kutoka mjini. Abiria walitafuta vivuli. Wanawake wa pale walikuja na beseni za mahindi ya kuchemsha na karanga, wakauza hadi zikaisha, wakaenda kuchukua nyingine, na sie bado tuko pale pale.

Ndipo simu ya wifi ikapatikana. Nilisogea nyuma ya basi, lakini mtandao ulinilazimisha kupaza sauti.

"Yuko hai?" Hilo ndilo lililonitoka. Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Hakuna aliyeniambia habari ya kufa.

"Yupo, wifi. Amekaa nje. Njoo tu," akasema, ikakatika.

Nilipogeuka, watu walikuwa wananitazama. Utingo alikuwa wa kwanza kuja. Akavua kofia. "Pole sana, mama. Ni nani yako?" Kabla sijajibu, babu mmoja akasimama akaniachia jiwe alilokalia. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, wananipa mkono, poleni na msiba, Mungu awatie nguvu. Kila nikifungua mdomo kusema hapana, mwingine anafika. Kuna dada alinifunika kanga yake mabegani. Jua lilikuwa kali, nami nimekaa juu ya jiwe nimefunikwa kanga, napokea rambirambi za mtu aliye hai.

Mwisho akaja mama wa harusi. Alikuwa ameumia moyoni.

"Kumbe unaenda msibani," akasema, "ukaniacha nakupigia kelele za vigelegele."

"Siendi msibani. Mdogo wangu yuko hai."

"Sasa anaumwa nini?"

Nilitaka kumjibu. Nikatafuta jina la ugonjwa, sikulipata. Siyo malaria, siyo presha, hajavunjika popote. "Halali," nikasema. "Hali. Shamba limekwenda na maji."

Yule mama alikaa chini kwenye majani karibu na lile jiwe, akaweka zile sufuria pembeni, na tukakaa hivyo hadi mpira ulipoletwa. Tulipoingia mbugani watu walisimama kupiga picha tembo na twiga. Yeye hakusimama, akabaki na mie.

Mikumi hadi Ifakara

Mikumi basi linaiacha barabara ya Iringa, linakata kushoto. Baada ya hapo milima inakaa upande mmoja na miwa inaanza, miwa hadi macho yanachoka. Njia hii nilipita nikiwa mwali, na nimepita nikienda kuzika baba, kisha mama. Niligundua kwamba sijawahi kupita njia hii kwenda kumwona Idrisa. Siku zote palikuwa na tukio, yeye akiwa yule anayepokea mabegi na kutafuta kuku.

Mama wa harusi alishuka Mang'ula. Ndugu zake walikuwa wanamsubiri wameshaanza kuimba. Akanikabidhi mkate wa kumimina uliofungwa kwenye karatasi. "Sijui nikwambie nini," akasema. "Huu ulikuwa wa njiani." Nilimtazama kwenye kioo anavyopokewa, hadi basi likaondoka. Jina lake sikumuuliza, wala yeye langu.

Ifakara tulifika tumechelewa kupata usafiri wa kijijini. Nilipanga chumba, nikatafuta mgahawa. Waliniletea wali na perege wa mchuzi, perege mzuri kabisa, wa mto ule ule uliokula mpunga wetu. Nililipa nikaondoka sijamaliza.

Ifakara hadi Lumbanga

Asubuhi nilichukua bodaboda. Tulikwenda mwendo mrefu hadi akasimama mbele ya kanisa nisilolijua, akasema tumefika. Nilimwambia Lumbanga, yeye akasikia Lumango, ambako kulikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa. Kwa mavazi yangu na begi akaona ndiko ninakoelekea. Hata wale akina mama walikuwa wameshaanza kunivutia kiti. Tukarudi nyuma, tukashika njia nyingine.

Mahali kalavati lilipokuwa limezolewa, nilishuka nikavuka kwa miguu, begi kichwani, tope la vifundoni. Ng'ambo ya pale ndipo nikaona bonde letu. Mie nalijua bonde lile mwezi huu likiwa limekuwa rangi ya dhahabu, watoto wanafukuza ndege, kila nyumba wanatwanga pepeta, mpunga mchanga uliokaangwa. Nililoliona ni tope la kijivu, na mpunga umelala wote upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Hakuna ndege. Hakuna mtu aliyekuwa anapiga kelele yoyote.

Kwa Idrisa

Nyumba ilikuwa na mstari wa maji ukutani, usawa wa kiuno. Idrisa alikaa kwenye kigoda nje, amenyoa vizuri, shati safi. Alinyanyuka, akanisalimia, akanipokea begi. "Njia ilikuwaje, dada?" Kila kitu alifanya sawasawa. Lakini ilikuwa kama anayefanya ni mtu mwingine aliyeelekezwa jinsi Idrisa anavyofanya. Amekonda hadi mkanda wa suruali umezunguka ukarudi nyuma. Watoto wake walikuwa wanamzunguka bila kumgusa.

Pembeni, chini ya upenu, alikaa mwanamume mrefu wa miaka hamsini hivi, anachonga mpini. Ponsiano, jirani wa shamba la pili. Nilimkumbuka kwa mbali. Alinisalimia akarudi kwenye mpini wake, na hakuondoka hadi alipokuja mama mmoja jirani na ungo wa mchicha, akakaa pale pale alipokuwa amekaa Ponsiano.

Kesho yake alfajiri nikasikia hodi. Ponsiano.

"Nimekuja kuazima jembe," akasema.

Jembe lake lilikuwa begani. Nililiona.

"Kaka," nikamwambia, na damu ilikuwa imeshanipanda, "hivi nyie mnafuata nini kila saa kwenye nyumba hii? Mmeshachukua vitu, sasa mnalinda nini?"

Hakukasirika. Alitazama jembe lake begani kama ndiyo kwanza analiona. "Basi nitasubiri hapa nje," akasema, akakaa.

Wifi alinishika mkono, akanivuta kwenda kisimani. Kule, ndoo mbili ziko kati yetu, ndiyo akaniambia. Wiki kadhaa nyuma, Idrisa aliamka akawaaga watoto. Aliwaaga mmoja mmoja, akawashika vichwa, kama mtu anayekwenda mbali, na alikuwa anakwenda shambani tu, hapo. Mwanahawa akakimbia kwa Ponsiano. Walimkuta Idrisa amekaa kwenye tuta, anatazama tope. Hakuwa amefanya kitu. Wakarudi naye nyumbani.

"Siku ile majirani walikusanyika," wifi akasema. "Wakachukua dawa zote za shamba zilizokuwa ndani, wakaenda kuziweka mbali. Ndivyo vitu nilivyokwambia kwenye simu. Wakapanga zamu za kuja kukaa naye. Na kwenye ujima, wanapolimiana leo kwa huyu kesho kwa yule, wakaanza na shamba letu, ingawa wao pia hawana kitu."

Nilikaa chini pale kisimani. Maneno niliyomwambia Ponsiano yalikuwa bado ya moto mdomoni.

"Na mmemuuliza?" nikasema. "Yeye mwenyewe, mmemuuliza anataka kufanya nini?"

"Tunaogopa, wifi. Tukimuuliza si ndiyo tunamfundisha?"

Tuliporudi nilimwomba Ponsiano radhi. Akaniitikia kwa kichwa. Kisha, bila kunitazama, akachonga kidogo, akasema kwa sauti ya chini: "Mie nilikuwa na kaka. Alikuwa hivi hivi, shati safi, anaitikia vizuri. Nikasema nikimuuliza nitamtia wazo. Sikumuuliza." Akapuliza vumbi la mti. "Wewe ni dada yake. Muulize kwa maneno yenyewe, usizunguke. Mie nitakuwa karibu."

Shambani

Siku ile ujima ulikuwa kwetu. Maji yakishuka, tope linalobaki linafaa kwa mahindi ya kiangazi, na watu walikuja na mbegu kila mmoja kidogo kutoka alizozificha darini. Idrisa alichimba mashimo, mie nikamfuata natia mbegu na kufukia kwa mguu. Wenzetu walitangulia. Nadhani walitangulia kwa makusudi. Ponsiano alibaki mstari wa tatu, ametugeuzia mgongo.

Kaka Hamisi alikuwa amenipa neno la kumfikishia. Nililitazama lile neno nikaona siwezi kulitoa.

"Idrisa."

"Naam, dada."

"Umekuwa ukifikiria kujiua?"

Jembe lilisimama. Nilikuwa tayari ageuke anitukane, au acheke, na nilikuwa naomba acheke.

"Ndiyo," akasema.

Kisha akakaa chini kwenye tope, nami nikakaa. Suruali yake safi. Hatukujali.

"Baba aliniachia shamba," akasema, "limenifia mkononi mara mbili. Nyie mlikwenda mkafanya mambo. Mie kazi yangu ilikuwa moja tu. Nikiamka naona watoto, naona nawazibia njia. Naona nikitoka, mtu mwingine mwenye bahati atalishika."

"Sasa hivi, leo, unafikiria?"

"Leo kidogo. Asubuhi ndiyo mbaya. Asubuhi Ponsiano huja kuazima jembe." Alifanya kitu karibu na kutabasamu. "Ana majembe manne yule."

Nilitamani niwe na maneno. Mnanijua, mie ni mtu wa kusema, hata misibani mnaniita nitoe neno. Pale sikuwa na neno. Nikamwambia hivyo hivyo: "Mdogo wangu, sijui niseme nini. Lakini sina haraka ya kuondoka, na nataka uwepo. Shamba lije, lisije, nataka wewe uwepo."

Ndipo akalia. Idrisa sikumwona analia hata kwenye makaburi ya wazazi, alikuwa anashughulika na sepetu. Alilia kama mtoto, kwa sauti, na wale waliotangulia wakaendelea kupanda bila kugeuka. Ponsiano alikuja, akalaza jembe, akakaa upande wake wa pili. Tukawa watatu kwenye tope.

Baada ya muda Ponsiano akasema, "Kesho ujima ni kwa Mama Kulwa. Keshokutwa twende hospitali Ifakara. Nitakwenda na wewe."

"Nikawaambie naumwa nini?" Idrisa akauliza.

"Uwaambie ulichomwambia dada yako."

Lumbanga hadi Ifakara, na kurudi

Tulikwenda watatu, pikipiki mbili. Kwenye foleni kila mtu alikuwa na ugonjwa unaoonekana: bandeji, kikohozi, mtoto wa homa. Jirani mmoja wa kwenye benchi akamuuliza Idrisa, "Wewe unasindikiza?" Akajibu hapana, mgonjwa ni mie. Nilimwona jinsi ilivyomgharimu.

Daktari alikuwa binti mdogo. Alimuuliza yote, usingizi, chakula, mawazo ya kufa, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama kifua kinabana. Hakushtuka popote. Akampa dawa, akamweleza kwamba hazifanyi kazi kwa siku moja, akampangia siku za kurudi. Akatusifu kwa kuondoa zile dawa za shamba nyumbani, akasema zikae huko huko.

Nje nilimpigia kaka Hamisi. Nilimwambia kila kitu bila kupunguza.

"Kaka?"

"Nipo." Kisha, "Mpe simu."

Sijui alimwambia nini. Nilimwona Idrisa amesimama karibu na ukuta, anachora ardhi kwa kidole cha mguu, anasikiliza. Nilichokisikia ni mwisho tu. "Sikununa, kaka. Ulivyosema tuuze, nilidhani na nyie mmeona nimeshindwa." Akasikiliza tena. "Haya. Njoo."

Kaka alikuja. Alishuka kwenye bodaboda na viatu vya kazini, akaingia shambani navyo. Mstari wake wa mahindi ulikwenda kama njia ya nyoka, na akina mama walicheka, na Idrisa naye alicheka kidogo. Lakini msidhani mambo yalikuwa matamu. Jioni ile tulikaa watatu uani, na maongezi yalikuwa magumu. Kaka alirudia habari ya kuuza. Idrisa akasema, "Ukiniambia niuze nasikia nimeshindwa. Ukiniambia nijikaze nasikia huamini naumwa. Niambie kitu kingine." Kaka akavunja kijiti vipande vipande.

"Sijui kitu kingine," akasema mwishowe. "Hayo mawili ndiyo niliyofundishwa."

"Basi kaa tu," Idrisa akasema.

Akakaa. Tulikubaliana machache: majaruba ya chini, yale yanayowahi kuzama, yaachwe mwaka huu, Idrisa alime ya juu tu. Shamba lisizungumzwe tena hadi yeye mwenyewe alitaje. Kaka aondoke lakini apige simu, na akipiga asianze na shamba.

Kurudi Chamazi

Kaka alitangulia. Mie nilibaki hadi mahindi yalipochomoza, kisha nami nikarudi. Idrisa alinisindikiza hadi kwenye kalavati lililozolewa, akanivusha begi. Nilitaka kumwachia maagizo, nikajizuia. Tulipeana mkono wa muda mrefu, nikapanda pikipiki.

Basi la kurudi halikuharibika. Nilikaa dirishani, na jirani yangu alilala njia nzima. Tulipopita mbugani watu walisimama na simu zao, mie nikalia pale, taratibu, bila mtu kunipa pole. Kwenda nilipewa pole za watu wote na hakukuwa na maiti. Kurudi nilikuwa nimebeba kitu kizito kweli na hakuna aliyekiona. Nilifika Chamazi jioni, mkanipokea, mkaniuliza, nikasema nzuri.

Tangu nirudi tunaongea. Siku nyingine anacheka, ananisimulia mahindi yamefika wapi. Siku nyingine anaitikia naam, naam, kwa ile sauti ya mtu aliyeelekezwa, na nikikata simu kazi zote zinaniharibikia. Dawa anakunywa. Hospitali amerudi, Ponsiano ameenda naye. Wifi anasema usingizi umeanza kurudi, vipande vipande.

Wiki iliyopita simu iliita asubuhi, mapema, nikiwa ndiyo kwanza nafungua kibanda. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kunipigia bila mie kuanza.

"Dada," akasema. "Leo ni siku mbaya."

Nikaweka mkasi chini. "Niko hapa," nikamwambia. "Niambie."

Hakuniambia. Alikuwa anapumua tu. Nilikaa kwenye mashine yangu, simu sikioni, nikawa nasikia majogoo ya kwetu, mlango wa mtu, maji yanamiminwa kwenye ndoo. Mteja alikuja, nikamwonyesha kwa mkono arudi baadaye. Tulikaa hivyo, yeye kule na mie huku, sijui kwa muda gani.

Kisha nikasikia hodi upande wake.

"Ponsiano huyo," Idrisa akasema. "Ngoja nikamfungulie."